Saratani za Damu, Dawa za Shamba na Petroli: Somo kwa Kaya za Xiaobei

Wakazi wa Xiaobei wanaozungumza Kiswahili si wakulima. Wengi wao ni wafanyabiashara, mawakala wa mizigo, wapishi, wanafunzi, na wake au waume waliofuatana na wenzi wao. Hata hivyo somo hili linazungumzia shamba na msitu, kwa sababu nyuma ya kaya nyingi zilizopo hapa wilayani Yuexiu ipo kaya nyingine: mzee anayepulizia kahawa Moshi au Kirinyaga, dada anayelima nyanya Arusha, shemeji anayeangusha misonobari Mufindi, mjomba mwenye shamba la mahindi Kivu. Fedha zinazotumwa kutoka hapa ndizo mara nyingi zinazonunua dawa ya shamba, bomba la kupulizia na msumeno wa injini. Wakati mwingine vifaa vyenyewe hununuliwa hapa hapa Guangzhou na kusafirishwa katika kontena moja na nguo na viatu.

Jambo ambalo somo hili linataka lieleweke ni kwamba madhara ya kemikali katika damu huja polepole, aghalabu baada ya miaka mingi, na hayatangazwi na rangi iliyo kwenye lebo. Mtu anayetapika na kuzimia baada ya kupulizia dawa hupelekwa hospitali siku ile ile. Anayerudi nyumbani salama, akaoga na kula chakula chake, huamini kwamba hakudhurika. Imani hiyo ya pili ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

Damu inapotengenezwa

Damu ya mtu mzima hutengenezwa ndani ya mifupa, hasa ya nyonga, uti wa mgongo, kidari na mbavu, katika tishu laini iitwayo uboho, ambayo wengine huiita uloto. Humo seli mama hugawanyika usiku na mchana na kuzaa seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu penye jeraha. Kwa kuwa mgawanyiko huo haupumziki, uboho huathirika upesi na kemikali zinazoharibu chembe za urithi. Seli iliyoharibika ikikosa kufa na ikaanza kuzaliana bila mpaka, hapo huzuka saratani.

Saratani za damu ziko katika koo tatu kubwa. Lukemia huanzia katika uboho na kuijaza damu seli zisizokomaa au zisizofanya kazi. Limfoma huanzia katika seli nyeupe za tezi za shingoni, kwapani, kinenani na tumboni. Mieloma huzipata seli zinazotengeneza kingamwili, nayo hula mifupa na kuchosha figo. Hakuna hata moja inayoambukizwa kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja au kumuuguza mgonjwa.

Yafaa isemwe mapema pia kwamba si kila saratani ya damu inayompata mkulima imeletwa na dawa ya shamba. Afrika Mashariki ina visababishi vyake vinavyofahamika vizuri. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto haraka. Leo ugonjwa huo huitwa limfoma ya Burkitt, na inajulikana kwamba huletwa na kirusi cha Epstein-Barr kikisaidiwa na malaria ya mara kwa mara. Virusi vya UKIMWI visipodhibitiwa kwa dawa navyo huongeza sana uwezekano wa limfoma. Umri pekee nao ni sababu: mieloma ni ugonjwa wa wazee zaidi kuliko wa vijana. Kwa wagonjwa wengi, daktari hawezi kuonyesha kidole na kusema kisababishi ni hiki.

Yanayojulikana na yanayobishaniwa

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, hupima ushahidi kuhusu kemikali moja moja na kuzipanga katika makundi. Kundi la 1 ni la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Kundi la 2A ni la vitu vinavyoelekea kusababisha. Katika Kundi la 1, kuhusu saratani za damu, zimo benzini, ambayo tutaifikia baadaye kidogo, na lindani, dawa ya wadudu iliyotumiwa duniani kote katika mashamba, kwenye mbegu, kwenye mbao na hata kuua chawa. Imo pia pentaklorofenoli, iliyokuwa ikipakwa mbao zisioze. Lindani na pentaklorofenoli zinahusishwa na limfoma isiyo ya Hodgkin. Zote mbili zimeingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, lindani mwaka 2009 na pentaklorofenoli mwaka 2015. Hata hivyo akiba za zamani hazikutoweka kwa sababu mkataba umesainiwa. Mkebe uliokaa ghalani tangu enzi za chama cha ushirika, usio na lebo inayosomeka, usifunguliwe kwa kujaribu kama dawa bado ina nguvu.

Mwaka 2015 shirika hilo liliweka glaifosati, malathioni na diazinoni katika Kundi la 2A. Glaifosati ndiyo dawa ya magugu inayotumiwa zaidi duniani, na wakulima wengi wanaifahamu kwa jina la Roundup. Uamuzi huo ulizusha mabishano ambayo hayajaisha. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya zimeeleza kwamba glaifosati haielekei kusababisha saratani inapotumiwa kama lebo inavyoagiza. Msomaji asishangae kwamba wataalamu wanatofautiana. Shirika la Lyon huuliza kama kitu kinaweza kusababisha saratani. Mamlaka za nchi huuliza kama kitasababisha kwa kiasi ambacho watu hukutana nacho. Hayo ni maswali mawili.

Tafiti za wakulima wenyewe zinatoa picha yenye pande mbili vilevile. Uchunguzi mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina, ukiwahusisha wapuliziaji dawa na wenzi wao wapatao 90,000, haukuona uhusiano kati ya glaifosati na limfoma isiyo ya Hodgkin kwa jumla. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha taarifa za wakulima zaidi ya 316,000 wa Ufaransa, Norwe na Marekani, ambao miongoni mwao 2,430 walikuwa wamepata limfoma ya aina hiyo. Dawa nyingi hazikuonyesha uhusiano wowote. Chache zilionyesha: glaifosati na aina moja ya limfoma ya seli B, ongezeko la asilimia 36, deltamethrini na lukemia sugu ya limfu, ongezeko la asilimia 48, na tabufosi na limfoma kwa jumla, asilimia 18. Ongezeko la asilimia 36 maana yake ni kwamba penye wagonjwa 100 miongoni mwa wasiotumia, katika kundi la ukubwa ule ule la watumiaji wangetarajiwa 136. Kwa mtu mmoja mmoja ni hatari ndogo. Kwa wilaya nzima inayopulizia kila wiki ya msimu, si ndogo.

Ufaransa haikusubiri mabishano yakome. Mwaka 2015 iliitambua limfoma isiyo ya Hodgkin kuwa ugonjwa wa kazi kwa wafanyakazi wa kilimo waliotumia dawa za mimea, na mwaka 2019 ikaongeza mieloma na lukemia sugu ya limfu. Mkulima wa huko anaweza kudai fidia. Wa Kilolo au Kinangop hana dirisha la namna hiyo, na ndiyo maana kinga kwake ina uzito zaidi kuliko kwa Mfaransa. Yapo pia mambo ambayo tafiti za Ulaya na Marekani haziwezi kuyapima: dereva wa trekta mwenye chumba kilichofungwa vioo hapati kiasi kile kile anachopata mtu aliyebeba bomba mgongoni, linalovuja, huku akipita katikati ya nyanya zilizomfika kifuani.

Rangi ya lebo husema lugha mbili

Sehemu hii inawahusu hasa wale wanaonunua bidhaa hapa na kuzipeleka nyumbani.

Nchini Kenya na Tanzania mkulima amefundishwa kutazama mstari wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ni ile yenye sumu ndogo. Mpango huo unafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Nchini China mstari wa rangi upo pia, mahali pale pale, lakini kwa bidhaa za soko la ndani hausemi ukali wa sumu. Husema aina ya dawa. Kijani ni dawa ya magugu. Nyekundu ni dawa ya wadudu. Nyeusi ni dawa ya ukungu, njano iliyokolea ni ya kurekebisha ukuaji wa mimea, na bluu ni ya panya. Ukali wa sumu huandikwa kwa maneno: 剧毒 ni sumu kali mno, 高毒 ni kali, 中等毒 ni ya wastani, 低毒 ni ndogo, na 微毒 ni ndogo sana.

Fikiria basi chupa ya dawa ya magugu yenye mstari wa kijani, iliyonunuliwa katika soko la China na kufika kijijini. Kijana aliyefundishwa na bwana shamba ataitazama na kusema: hii ni kijani, haina neno, glavu za nini? Amesoma sawasawa alivyofundishwa, na amekosea. Dawa za panya zenye mstari wa bluu nazo zinaweza kuwa kali mno.

Tena, hata pale rangi inapofasiriwa kwa usahihi, bado haisemi lolote kuhusu saratani. Madaraja ya Shirika la Afya Duniani yanapima sumu ya papo kwa papo, yaani kiasi gani humuua mnyama wa maabara kwa muda mfupi. Glaifosati iko katika madaraja ya chini kwa kipimo hicho. Malathioni nayo haimo katika yale ya juu. Kijani maana yake ni kwamba huenda hutakufa leo; kuhusu miaka 15 ijayo rangi haina habari.

Kinachopaswa kusomwa ni jina la kiambato kinachofanya kazi, ambacho kwenye lebo za Kichina huandikwa baada ya maneno 有效成分. Majina manne yafaa kuhifadhiwa katika simu: 草甘膦 ni glaifosati, 马拉硫磷 ni malathioni, 二嗪磷 ni diazinoni, na 林丹 ni lindani. Hili la mwisho likionekana popote, bidhaa iachwe. Lebo halali ya China huwa pia na namba ya usajili inayoanza na herufi PD. Lakini usajili wa China hauihalalishi dawa Dar es Salaam wala Mombasa. Tanzania usajili hufanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Dawa isiyosajiliwa huko haina maelekezo ambayo mkulima anaweza kuyasoma. Katika hali hiyo onyo lililoandikwa kwa Kichina ni sawa na kutoandikwa. Kwa maoni ya waandaaji wa somo hili, njia bora ni kutopeleka kabisa dawa za shamba katika mizigo ya kawaida. Kuzitia katika begi la ndege ni hatari kwa abiria wote na ni kosa.

Ngozi ndiyo mlango mkubwa

Wapuliziaji wengi huogopa kuvuta hewa yenye dawa, kwa hiyo hufunga kitambaa puani na kuacha mikono wazi. Kwa kweli, kwa mtu anayetumia bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya dawa huingia kwa njia ya ngozi: kupitia mikono wakati wa kupima na kuchanganya, mgongo pale tangi linapovuja, na mapaja na miguu anapopita katika majani aliyoyalowesha yeye mwenyewe. Kitambaa kilicholowa dawa na kubaki usoni huizidisha hatari badala ya kuipunguza. Wakati wenye hatari kuliko yote si wa kupulizia bali wa kuchanganya, kwa sababu dawa bado haijapunguzwa kwa maji. Na desturi ya kuchanganya dawa mbili au tatu katika tangi moja ili kuokoa muda, inayojulikana sana miongoni mwa walima nyanya wa kaskazini mwa Tanzania, humpa mpuliziaji mchanganyiko ambao haukupimwa na mtu yeyote.

Hapa ndipo kaya ya Xiaobei inapoweza kufanya jambo la maana kwa gharama ndogo. Anayetuma bomba la kupulizia atume pamoja nalo glavu za nitrili zinazofika karibu na kiwiko, buti za mpira, na mipira ya akiba ya kuzuia kuvuja ya bomba lile lile, kwa kuwa huko vijijini ikiisha hubadilishwa kwa kamba na nailoni. Glavu za ngozi au za pamba hazifai. Hunywa dawa na kuishikilia kwenye mkono. Glavu nyembamba za hospitali hutoboka. Suruali ivaliwe nje ya buti ili dawa inayotiririka isiingie ndani. Mkuku wa bomba ukiziba usipulizwe kwa mdomo. Utafutiwe kijiti au uoshwe kwa maji.

Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Mara nyingi anayezifua si aliyezivaa, bali ni mke, binti au msaidizi wa nyumbani, ambaye mikono yake hukaa katika povu hilo nusu saa. Naye avae glavu. Chupa tupu isigeuzwe kuwa ya mafuta ya taa, maziwa au maji ya shule. Ioshwe mara tatu, maji hayo yamiminwe katika tangi la kupulizia, kisha itobolewe.

Kumwambia mzee maneno haya si kazi nyepesi. Mtu aliyepulizia kahawa tangu ujanani mwake, akasomesha watoto hadi mmoja akafika China, hawezi kupokea kwa furaha simu ya kumwambia kwamba alikuwa akikosea. Inafaa zaidi kuanza na shikamoo na habari za shamba, kisha kumwuliza anatumia dawa ipi msimu huu na kuomba apigiwe picha ya lebo. Mazungumzo kuhusu lebo huelekea kwenye glavu yenyewe, bila mtoto kuonekana anamfundisha baba yake.

Petroli, msumeno na gundi

Kwa wafanyakazi wa misitu dawa za shamba si hatari pekee. Benzini ni kemikali iliyomo ndani ya petroli kwa kiasi kidogo, na imethibitika kwamba husababisha lukemia kali ya mieloidi. Msumeno wa injini hutoa moshi karibu na uso wa anayeushika, na injini yake ya mipigo miwili haiunguzi petroli yote. Katika mashamba makubwa ya misonobari kama Sao Hill, wilayani Mufindi, mkataji hukaa na moshi huo kutwa. Kuna pia mambo anayoweza kuyaacha leo: kunyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, kunawa mikono yenye utomvu kwa petroli, na kujaza tangi ndani ya kibanda anamolala. Utomvu hutolewa vizuri kwa mafuta ya kupikia na sabuni.

Kuhusu benzini, ushahidi mkubwa zaidi duniani umetoka nchini China. Wafanyakazi karibu 75,000 waliotumia benzini katika viwanda vya miji 12 kati ya mwaka 1972 na 1987 walifuatiliwa na kulinganishwa na karibu 36,000 ambao hawakuitumia. Saratani za damu zilikuwa zaidi ya mara mbili kwa kundi la kwanza. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mwingine, wa wafanyakazi wa viwanda vya viatu mjini Tianjin: seli nyeupe zilikuwa zimepungua hata kwa wale waliovuta hewa yenye benzini chini ya sehemu moja katika milioni. Upungufu huo ulionekana kwa kipimo cha kawaida cha damu, kwa watu waliokuwa bado wanakwenda kazini.

Taarifa hii inawahusu wakazi wa Xiaobei moja kwa moja. Baadhi yao hushinda katika karakana za viatu na mikoba wakisubiri oda zikamilike, wengine hufanya kazi humo, na wapo wanaohifadhi katika chumba cha kulala bidhaa mpya zinazonuka gundi. Harufu kali na tamu ya gundi ni ishara ya kufungua madirisha na kutoka. Herufi 苯 kwenye kopo la gundi au rangi maana yake ni benzini; 甲苯 ni tolueni, ndugu yake asiye na sifa ya kuleta lukemia lakini anayeumiza ubongo. Sheria ya China ya Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa ya Kazi inamtaka mwajiri wa sehemu zenye benzini kuwapima wafanyakazi kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Lukemia itokanayo na benzini imo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya nchi hii.

Chaki ya mende, na chandarua kisichopaswa kuachwa

Deltamethrini, iliyotajwa hapo juu, ni kiambato cha aina nyingi za chaki ya mende. Tafiti za pamoja za nchi kadhaa zimeona uhusiano kati ya dawa za wadudu zinazopuliziwa ndani ya nyumba wakati wa ujauzito na lukemia ya watoto. Si uthibitisho, lakini unatosha kuwa sababu ya mama mjamzito kutokaa katika chumba kilichopuliziwa, na ya chaki kutochorwa pale mtoto anapotambaa. Kufunga mashimo ya mabomba jikoni na kutoa taka kila jioni huwapunguza mende kuliko chaki.

Mtu asitoe hapa hitimisho lisilostahili kwamba chandarua chenye dawa kiachwe. Kiasi kilichomo katika nyuzi zake ni kidogo na hakirukiruki hewani, ilhali malaria inaua, na kama tulivyoona, malaria yenyewe ni mshirika wa limfoma ya Burkitt. Mtoto wa Kisumu au Mwanza alale ndani ya chandarua.

Homa isiyoisha

Saratani ya damu haina dalili iliyo yake peke yake, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotezwa. Uchovu na weupe wa viganja huitwa upungufu wa damu, mgonjwa akapewa vidonge vya madini ya chuma. Homa huitwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Tezi za shingoni huitwa kifua kikuu, na huenda mgonjwa akameza dawa za kifua kikuu miezi kadhaa bila kipimo kilichothibitisha. Maumivu ya mgongo ya mzee huitwa uzee.

Kwa hiyo kaya itazame mwenendo. Homa iliyotibiwa mara mbili na kurudi, hasa ikiwa kipimo cha malaria hakikuonyesha wadudu, inadai kipimo cha damu. Vivyo hivyo jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito bila kukusudia, fizi zinazotoka damu, madoa mekundu au mabaka ya damu kuvilia bila kugongwa, mitoki isiyouma inayokua kwa wiki kadhaa, na uvimbe upande wa kushoto wa tumbo, mahali pa bandama. Homa kali pamoja na kutokwa damu kusikokoma haingoji miadi: hapa Guangzhou piga 120.

Kipimo cha kwanza si cha gharama kubwa wala cha kutisha. Ni hesabu kamili ya seli za damu, kwa Kichina 血常规, hutamkwa xuè chángguī, nacho hupatikana katika hospitali yoyote kubwa, na majibu hutoka siku ile ile. Kama hesabu si ya kawaida, mgonjwa huelekezwa idara ya magonjwa ya damu, 血液科. Kituo cha Saratani cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kipo Barabara ya Dongfeng Dong, ndani ya wilaya hii ya Yuexiu. Asiyejua Kichina aende na mtu wa kumtafsiria ambaye si mtoto wake mdogo. Mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kusikia jina la ugonjwa wa mzazi.

Kwa walio nyumbani, kipimo hicho hicho hufanyika katika hospitali za wilaya na za mikoa. Matibabu yapo Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967. Limfoma kadhaa hupona kabisa zikiwahiwa. Lukemia sugu ya mieloidi, ambayo zamani ilikuwa hukumu ya kifo, leo wagonjwa wengi huishi nayo kwa miaka mingi wakimeza vidonge.

Mgonjwa aliyefanya kazi ya shamba, msitu au karakana aende na karatasi yenye mambo manne: alifanya kazi gani, kuanzia mwaka gani hadi upi, alitumia dawa au gundi gani, na kama alivaa kinga. Madaktari wengi hawaulizi. Picha za lebo zilizotumwa kwa simu zichapishwe au zioneshwe pale pale, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na majibu ya damu ya kila mwaka, ili hesabu ya mwaka huu iweze kulinganishwa na ya mwaka jana.